Mzamo wa Bwana Chini

Kuna watu watakaokuambia kwamba mwaka wa hamsini na sita viboko wa Baraka walikuwa wakipanda pwani kusikiliza gramofoni ya Mzee Ramazani. Usiwasadiki. Walikuwa wakitoa vichwa tu majini, na wimbo ukiisha walirudi chini wenyewe, bila kufukuzwa na mtu. Nilikuwapo.

Mzee Ramazani alikuwa na mashua za kuvuka ziwa na nyumba yenye baraza pana. Baada ya swala ya alasiri aliitoa gramofoni yake, akaiweka juu ya meza ndogo, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanzu. Ule mkono wa kuizungushia haukuguswa na mtu mwingine, si mkewe, si wanawe. Aliuzungusha yeye, taratibu, kama anayenyoa kichwa cha sultani, mizunguko michache tu, akaacha. Mfanyabiashara mmoja wa Lweba alikuwa amekaza ya kwake mpaka springi ikakatika ndani, na tangu siku hiyo kuku walikuwa wanatagia humo. Mzee hakutaka kuku.

Sahani tuliyoipenda kuliko zote ilitoka Léopoldville. Katika karatasi yake ya duara liliandikwa jina la mwimbaji, basi. Mpiga besi hakutajwa, nasi tukambatiza wenyewe: Bwana Chini. Hatukuwa tumemwona hata kwa picha, kwa hiyo kila mtu alimjua vizuri sana. Wengine walisema anakalia viti viwili. Bamama wa sokoni walisema hana mke, maana hakuna mwanamke atakayekubali kuombwa chumvi kwa sauti ile. Mimi nilisema, na watu wakaniamini, kwamba besi yake imechongwa kutoka mtumbwi mzima.

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa mwisho wa wimbo. Sauti yake ilianza kushuka. Haikushuka ghafla. Iliteleza polepole, ikawa nzito, ikazidi kuwa nzito, na mwimbaji akamfuata, magitaa yakamfuata, mpaka wote wakawa wananguruma pamoja kama wamo chini ya ziwa, halafu kimya. Mzee Ramazani aliinua sindano na kutangaza, "Amezama." Tukapiga makofi. Huo ndio tuliouita mzamo, na hapakuwa na kijana mwenye uzi na kipande cha mbao, kutoka Baraka mpaka Lweba, ambaye hakujaribu kuuiga.

Mimi nilikuwa mpiga besi wa bendi ya Anatole. Anatole alikuwa seremala, gitaa la kwanza lilikuwa lake na bendi ilikuwa yake. Besi yangu nilikuwa nimeiunda kwa mbao za sanduku na kamba za nyavu, mpaka siku ile kwenye arusi moja mjomba wa bibi arusi aliposhiba, akatafuta mahali pa kukaa, akaikalia. Mjomba alipona.

Nilibaki na kiti bila besi. Na pembeni alikuwapo Henri, mpiga kayamba, ambaye nyumbani kwake kulikuwa na sanduku la chai alilolifunga fimbo na uzi mmoja. Ukivuta fimbo sauti inapanda, ukiilegeza inashuka. Sanduku la Henri lilizama vizuri. Sikulipenda sanduku lile tangu siku nilipolisikia.

Usicheke. Asubuhi mimi nilikuwa mtu wa kuanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, mchangani. Walionunua kwangu walisema "we wa ndagala", na walioniacha walisema hivyo hivyo. Nikikaa kwenye kiti cha besi, watu waliniita Waziri. Jina langu lilikuwa limelala katika kiti kile.

Siku moja Anatole akaniita kwenye karakana yake. Henri alikuwa amekwisha kufika, na sanduku lake.

"Waziri, ndugu yangu," Anatole akasema, "arusi ya mutoto ya Mzee inakaribia. Batu ba Fizi bote batashuka. Mi siwezi kubaonyesha kiti tupu."

"Kiti hakiko tupu, Yaya. Niko juu yake." Yaya kwetu ni kaka mkubwa.

"Uko juu yake na mikono mitupu. Henri, zamisha kidogo."

Henri akalegeza fimbo, macho ameyafumba kama anasali. Sanduku likashuka mpaka maranda ya mbao yakatetemeka sakafuni.

"Umesikia?" Anatole akasema. "Na ile ni sanduku ya chai. Sasa sikia. Kule Lulimba cercle, ile klabu ya dansi ya Bazungu ba dhahabu, imefungwa, na kuko besi mbili za kweli zinalala kwa mama mumoja, Pulchérie. Bendi itatoa gunia ya ndagala. Enda, chagua moja. Ukirudi utapiga pamoja na sahani mbele ya Mzee. Ukizama na Bwana Chini, kiti ni chako. Usipozama, Henri anakaa."

"Mi sina haraka, ndugu," Henri akasema kwa upole. Upole huo uliniuma kuliko tusi.

Nikapanda kamio, lori lililobeba chumvi. Kwenye mlima wa kupanda Fizi lilikwenda pole hivi kwamba mwanamke mmoja alishuka, akanyonyesha mtoto wake, akapanda tena bila kukimbia. Mimi sikusema na mtu. Nilikuwa nimeubeba mzamo kooni, nikiuguna chini kwa chini usije ukanitoka, kwa sababu nitachaguaje besi kama nimesahau inavyotakiwa kulia? Niliuguna kwenye kona, niliuguna kwenye mashimo. Mzee mmoja wa Lubondja aliyekaa kando yangu alisikia, akadhani ni tumbo, akanipa mzizi nitafune. Nikautafuna wote, mchungu kama nyongo, nikiogopa kwamba nikifungua mdomo kueleza, sauti itaruka nje.

Mama Pulchérie alikuwa mjane mwenye mabega ya mpiga kasia. Alikuwa ametunza nyumba ile ya cercle miaka mingi, akifagia vizibo baada ya dansi za Wazungu, na walipoondoka wakamwachia vitu walivyoshindwa kubeba. Alionja ndagala kwanza, akaitikia kwa kichwa kwamba zinafaa, ndipo akafungua mlango wa nyuma.

Besi ya kwanza ilikuwa kontrabasi, ndefu kuliko mimi, tumbo kama la mwenye mapacha, shingo laini bila alama yoyote. Ya pili ilikuwa gitaa, lakini gitaa lililovimba, lenye nyuzi nne nene na mkanda wa kuvaa begani. Fundi mmoja wa mashine, Mwitalia, alichoka kubeba kontrabasi, akajiundia hilo. Shingoni alikuwa amelipiga vijiti vya shaba kukatiza toka juu mpaka chini, kama ngazi.

Nikasimama na kontrabasi kwanza. Nikavuta uzi mnene na kuteleza kidole shingoni. Ee bwana, ilishuka. Ilishuka mpaka nikasikia meno yakigongana. Kisha nikachukua gitaa, nikateleza kidole vilevile. Tk, tk, tk, tk. Kila kijiti kiliishika sauti na kuikata. Haikuteleza; ilishuka kama mzee anayeshuka ngazi akishika ukuta.

"Nachukua hii kubwa," nikasema. "Hii inazama."

"Inazama wapi? Tuko mbali na ziwa."

Nikamweleza habari ya Bwana Chini, nikamwimbia. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Ile sahani naijua," akasema. "Niko nayo. Kuja."

Gramofoni ya cercle ilikuwa ndugu wa ile ya Mzee Ramazani, rangi ileile, mdomo uleule. Mama Pulchérie akaushika mkono wake na kuuzungusha, akazungusha, akapita pale Mzee alipokuwa anaacha, akaendelea kama anayesaga mahindi.

"Mama, itakatika."

"Ikatike iende wapi? Kila siku inakulaka hivi, inashiba."

Aliacha pale mkono ulipokataa wenyewe. Wimbo ukaanza. Ulikuwa wetu, uleule, na Bwana Chini alikuwa yuleyule. Nikasogeza kichwa karibu, nikingoja. Tukafika mahali anapoanza kuteleza. Hakuteleza. Nikadhani nimekosea kuhesabu beti. Wimbo ukaendelea, ukafika mahali nisipopajua, kama mtu anayefungua mlango nyumbani kwake na kukuta chumba ambacho hajawahi kukiona. Kisha mwimbaji akanyamaza, magitaa yakanyamaza, Bwana Chini akabaki peke yake. Akapanda. Alipanda kidato kwa kidato, kama anayetoka kisimani akiwa amebeba kitu cha kuvunjika, na alipofika juu kabisa akagonga sauti moja safi, wimbo ukaisha.

Nikamgeukia Mama Pulchérie.

"Rudisha, Mama."

Akarudisha. Akapanda tena.

"Unangoja nini na macho kama hayo?" Mama Pulchérie akauliza.

"Nangoja azame."

"Hakuna mutu anazama. Gramofoni yenu iko na njaa. Mwenyewe anaizungushaka kidogo, inachoka, inalala mbele ya kumaliza. Hata weye, bakupe kijiko moja ya bugali, utaimba mpaka wapi?"

Nikakaa kitako juu ya gunia la ndagala nililolileta mwenyewe. Mji mzima ulikuwa unampigia makofi mtu aliyesinzia. Nilikuwa nimejifunza besi miaka yote ile, nikijidai mwanafunzi wa bwana mkubwa wa Léopoldville, kumbe aliyenifundisha ni springi iliyochoka.

Basi nikafikiri. Kontrabasi ilikuwa kiti changu. Ningeipeleka Baraka, ningezama vizuri kuliko sanduku lolote la chai, Mzee angefurahi, Henri angerudi kwenye kayamba. Gitaa lisingeweza kuzama hata ningelitupa ziwani. Hakuna mtu mwenye akili angesita, nami sikusita. Nikamwambia shofere afunge kontrabasi juu ya kamio, akaifunga, nikapanda, nikakaa.

Kisha nikashuka. "Dakika moja tu," nikamwambia, "nataka kujaribu kitu kwa ile ingine."

Nikavaa gitaa begani. Mgongo wake ukakaa juu ya mbavu zangu. Nikaanza kutafuta kule kupanda kwa Bwana Chini, na vile vijiti vya shaba vilivyoikata sauti wakati wa kushuka vilikuwa vinanipokea wakati wa kupanda. Kila kimoja kilikuwa kinangoja kidole. Nilikosea, nikarudia. Nilipofika juu na kugonga, sauti ilipita mbavuni ikatoka mgongoni. Shofere alikuwa ananguruma na injini.

"Fungua kamba," nikamwambia. "Shusha ile kubwa."

"We mutu, unaoa ao unaacha?"

"Shusha, ndugu yangu."

Mama Pulchérie alisimama mlangoni, mikono kifuani. "Umechagua?"

"Sijui, Mama."

"Basi enda mbio, kabla haujajua."

Njia yote ya kurudi nilitafuta mzamo ndani ya gitaa lile. Nilisukuma uzi pembeni. Ulilia kama mbuzi. Nililegeza skrubu ya kichwani katikati ya kupiga. Ukatoa sauti ya bata aliyekanyagwa, na ikanichukua kutoka Lubondja mpaka Fizi kuurudisha mahali pake. Watu wa kamio waliniomba kwa heshima nilale. Sikulala. Tulipoanza kushuka na ziwa likaonekana chini yetu, jeupe na tulivu, nilitamani lile kamio liwe pole kama wakati wa kwenda, lakini kwenye mteremko lilikuwa na mbio za ajabu.

Nikaenda moja kwa moja kwa Anatole. Alikuwa anapiga randa ubao wa mlango.

"Yaya, Bwana Chini hazamaki."

Randa likasimama. "Sema tena, polepole."

"Ni gramofoni. Mzee anaizungushaka kidogo, inachoka. Wimbo uko na mwisho ingine. Nimeisikia."

Anatole akatazama mlangoni, akatazama dirishani, akasogea karibu. "Uko unasema Mzee Ramazani, mwenye mashua inatubebaka, mwenye nyumba inalazaka magitaa yetu, anatudanganya tangu sahani ifike."

"Hadanganyi. Hajui."

"Ile ni mubaya zaidi. Enda umwambie."

"We ndiye mukubwa wa bendi, Yaya."

"Na mukubwa wa bendi anasema: kesho, alasiri, uzame." Akaligusa gitaa kwa kidole kimoja, pale kwenye vijiti, akaviona, akaelewa kila kitu, maana yeye ni mtu wa mbao. Akarudi kwenye randa lake, na maranda yakawa yanatoka mazito, yamekatikakatika.

Kesho yake baraza lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa uani. Henri alikaa pembeni na sanduku lake, akilegeza na kukaza fimbo kwa adabu, bila sauti. Mimi sikuwa nimekula. Mzee Ramazani akanitazama, akatazama begani pangu.

"Hicho ni kitu gani, Waziri? Gitaa mjamzito?"

"Ni besi, Mzee."

"Ndogo."

"Ndiyo, Mzee."

"Haya. Tusikie itazamaje."

Akaushika mkono wa gramofoni. Niliukazia macho mkono wake kama mwenye njaa anavyoutazama mkono wa anayepakua. Zungusha, Mzee, nikasema moyoni. Zungusha zaidi. Akazungusha vilevile kama siku zote, mizunguko michache, akaacha. Sindano ikashuka.

Nikaingia pamoja na Bwana Chini, na mwanzoni nilisikia watu wakiguna kwa raha, kwa sababu gitaa lile lilikuwa na sauti. Tukaenda hivyo, mimi na yeye, bega kwa bega. Lakini kila ubeti ulipokwisha nilikuwa nasikia mwisho unavyokaribia, jasho likinitoka chini ya mkanda. Ndipo akaanza kuchoka. Nilimsikia kabla ya wengine wote: uzi mmoja mdogo wa sauti uliolegea. Henri hakuweza kujizuia. Fimbo yake ikalegea, sanduku likashuka pamoja na sahani, vizuri, vizuri mno, na vichwa vyote vikanigeukia.

Vidole vyangu havikushuka. Sitasema nilikuwa jasiri. Nilijaribu kuvishusha, vikakuta kijiti, vikakaa pale. Nikaendelea kupiga kwa mwendo uleule, na wenzangu wa Léopoldville wakazama chini yangu mmoja mmoja, wakanguruma, wakanyamaza. Mzee alikwisha kuinua mkono kuelekea sindano, na mdomo wake ulikuwa wazi kutangaza. Hakutangaza. Angesemaje amezama, na bado kuna mtu anapiga?

Nikapiga ule ubeti usiojulikana. Nikanyamaza pale wanaponyamaza. Nikapanda. Kidato kimoja nilikikosea, nikakirudia, nikafika juu, nikagonga.

Mwanamke mmoja akasema, bila ubaya, "Huyu amepotea njia."

"Hajazama," Henri akasema. Anatole alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Waziri," Mzee akasema. "Umetoa wapi ile ya mwisho?"

Nikaona mashua zake, nyumba yake, arusi yake, na ndagala zote za ziwa zikiningoja mchangani. "Imo ndani ya sahani, Mzee."

"Sahani yangu?"

"Ndiyo, Mzee. Mbele kidogo."

Akainama mpaka ndevu zikagusa meza. Sindano ilikuwa imesimama kabla ya kufika katikati, na kati ya sindano na ile karatasi ya duara ulibaki upana wa kidole, mistari myeusi inayong'aa, mipya kabisa, haijawahi kukwaruzwa. Mistari mingine yote ilikuwa imepauka kwa kupigwa. Mzee alipitisha ukucha juu ya ile mipya, polepole. Kisha, bila kumtazama mtu, akaushika mkono wa gramofoni akaanza kuzungusha. Akapita mahali pake pa siku zote. Mkewe akatoka mlangoni na ufagio mkononi, akasimama. Mzee akazungusha mpaka mkono ukakataa, akarudisha sindano nyuma kidogo, akaiachia.

Tukasikia ubeti. Tukasikia kimya. Bwana Chini akapanda, kama nilivyopanda mimi, ila yeye hakukosea kidato.

Mzee Ramazani akainua sindano.

"Sahani ikitoka mbali," akasema, "inakuwa na uchovu wa njia. Sasa imepumzika."

"Imepumzika, Mzee," watu wakaitikia. "Imepumzika kabisa," Henri akasema, akiwashinda wote kwa sauti.

Anatole akakivuta kiti cha besi kwa mguu mpaka kikagusa magoti yangu. "Kaa."

Nikakaa. Watu wakaanza kuongea kwa furaha, mtu akaita "Waziri" kutoka kwenye mtumbwi, na Anatole akainama sikioni pangu kana kwamba ananipongeza.

"Siku ya arusi," akasema, "kwa mwisho ya kila wimbo, uzame."

"Yaya?"

"Bamama bamezoea. Na Mzee ameshatuma habari ya mzamo mpaka Fizi. Unataka bageni bashuke mulima yote ile bakose?"

"Gitaa hii iko na vijiti."

"Niliviona."

"Haizamaki."

"Kiti ni chako ao hakiko chako?"

"Ni changu," nikasema.

"Basi."

Akaenda kumsalimu Mzee. Nikalikumbatia gitaa, nikaanza kuvipapasa vile vijiti vya shaba kimoja kimoja, toka juu mpaka chini, nikitafuta hata kimoja ambacho Mwitalia yule hakukipigilia vizuri, nipate kuking'oa.